Jumatano ya Taaka

Alhamisi, 3 Aprili

Nimepata chumba Tororo, nyuma ya nyumba ya Mama Syprose, mjane mwenye kuku wengi na maswali mengi zaidi. Hata choo hajanionyesha, ameshauliza, "Madam Injinia, bwana yuko wapi?" Nikamwambia yuko Nairobi anauza pikipiki. Sina bwana Nairobi wala kwingineko, lakini uongo mfupi unaokoa jioni nzima.

Kazi yenyewe ni daraja la miguu kule Mwello. Kuna mto pale ambao kiangazi ng'ombe wanauvuka bila kulowa tumbo, na mvua zikianza unawabeba ng'ombe haohao. Mwaka jana ulichukua magogo ambayo watu walikuwa wakivukia. Msimu mzima watoto wa ng'ambo hawakwenda shule. Mwanamke mmoja, Abbo, alijifungulia ukingoni, mvua ikimnyeshea, zahanati anaiona kwa macho yake upande wa pili. Mtoto hakuishi. Leo Abbo mwenyewe alinionyesha mahali, kisha akaenda zake kuchota maji. Hakuniomba kitu. Afadhali angeniomba.

Mimi ni mtoto wa hapahapa. Nimezaliwa Busia, baba alikuwa dereva wa lori, nyumbani tuliongea Kiswahili kwa sababu kila jirani alitoka kwake. Wazazi wametangulia na nyumba yetu sasa ni duka la magodoro. Kaka yangu Jamil yuko Kampala, anatuma salamu za Idi kwa simu, zilezile anazowatumia watu wote.

Na hii ni kazi yangu ya kwanza bila Twaibu. Niliandike hilo sasa, nisije nikalizunguka msimu wote. Twaibu wa Tororo, mhandisi mwenzangu. Miaka yote tuliyofanya kazi hakuna hesabu yangu iliyojengwa kabla hajaisikia, wala yake kabla sijaisikia mimi. Sharti lake moja: usinitumie karatasi, nipigie simu, nisomee kwa sauti, polepole. Nilisoma, yeye kimya. Nikiuliza "Uko?" anajibu "Niko." Na pale sauti yangu ilipoharakisha, hata kama namba zote ziko sawa, alinikata: "Hapo umekimbia. Rudi." Mara nyingi kosa lilikuwa palepale. Alidai njia hiyo ameibuni mwenyewe. Alikufa mwaka jana, homa ya siku chache tu, na mimi bado nina namba yake kwenye simu.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Kuku wa Mama Syprose wameingia chumbani kwangu na sikuwafukuza.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekutana na mafundi. Msimamizi ni Ofumbi, Mjopadhola wa hapo Mwello, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Ukimuuliza jambo anatazama mto kwanza, kama ruhusa ya kujibu inatoka huko. Kiswahili chake, Mungu nisamehe, kinanipa kichefuchefu: "Mbao yote inakuja, Injinia, lakini msumari bado nakwenda." Msumari unakwenda wapi? Nikamjibu kwa Kiingereza. Nitakuwa naongea naye Kiingereza tu, angalau lugha moja kati yetu isimame wima.

Kundi la pili ni vijana wa upande wa Kenya wakiongozwa na Geoffrey. Huyu naye ni kinyume chake: haraka, mdomo mwepesi, miwani ya jua hata mvua ikinyesha. "Madam, usijali, hii kitu tutaimaliza chap chap." Nikamwambia daraja la chap chap huanguka chap chap. Akacheka. Sikuwa natania.

Alhamisi, 10 Aprili

Nguzo zimesimama mtoni, mikaratusi minene, safu kwa safu toka ukingo hadi ukingo. Juu ya kila nguzo tumepiga kabari, vile vipande vya mbao vilivyochongwa mshazari, ili siku ya kushusha tuzigonge taratibu badala ya kung'oa nguzo kwa nguvu. Juu ya kabari hizo zimelala mbao, na juu ya mbao tutamwaga konkriti ya slabu, yaani sakafu yenyewe ya daraja. Ikishika na kupata nguvu, nguzo zinatolewa na slabu inabaki imekalia kuta za mawe za ukingoni, huku na huku.

Shida ni moja na haina mlango wa nyuma. Nguzo zikitoka mapema, slabu bado changa. Zikichelewa, mto unajaa na kuzisomba, na zikisombwa ghafla slabu inadondoka kwa kishindo. Katikati ya mambo hayo mawili kuna siku chache za kufaa. Nani atanisikiliza nikizichagua?

Jioni nilimaliza hesabu, mkono ukachukua simu wenyewe. Nikabonyeza "Twaibu". Nilitaka tu kusikia yule mama wa kampuni akisema namba haipatikani. Ikaita. Nusura niiangushe.

"Haloo? Nani?" Sauti ya mwanamke, na nyuma yake soko zima.

"Samahani, nimekosea namba."

"Hakuna shida, mama. Watu mingi wanakosea hii namba."

Namba za wafu wanawauzia walio hai. Sawa, ndiyo biashara. Nimelia kwa hasira, kisha nikalia bila hasira.

Jumapili, 13 Aprili

Hakuna la kuandika. Mvua Tororo, mvua Mwello, bila shaka mvua mlima Elgon ambako mito yetu yote inakuwa na wazimu.

Jumatano, 16 Aprili

Tumemwaga. Kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, bila kupumzika, maana konkriti haijui chakula cha mchana. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Nimemtukana Geoffrey kwa maji aliyoongeza kwenye mchanganyiko, nimemtukana Ofumbi kwa kumtazama Geoffrey akiongeza. Mimi ni mtu wa hasira, najulikana. Twaibu alikuwa akisema kichwa changu kina vyumba viwili, cha hesabu na cha kelele, na mlango kati yake haufungi vizuri.

Nilipofika chumbani nilitaka kumwambia mtu kwamba imekwisha na imetoka vizuri. Nikapiga namba ile.

"Ni yule wa kukosea," nikasema.

"Eh! Umekosea tena?"

"Leo sijakosea."

Akacheka. Anaitwa Taaka, Msamia wa Masinya, anauza samaki sokoni Busia. Nikamwambia tumemwaga konkriti. Akasema, "Asante kwa kazi." Hivyo tu, kama watu wa huku wanavyosema wakikukuta unalima. Nalala na neno hilo.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mama Syprose aliniita mezani kwake, nikasema nina kazi. Akaniletea kuku chumbani. Nimemla peke yangu, nikiwasikia wenyewe wakicheka upande wa pili wa ukuta. Mtu mzima ovyo.

Jumatano, 23 Aprili

Vipande vya majaribio vimevunjwa maabara, nguvu ni nzuri, zaidi ya nilivyotarajia. Maji ya Geoffrey hayakuharibu kitu. Sikumwambia.

Jumapili, 27 Aprili

Mto umepanda mpaka magotini mwa nguzo. Taaka amepiga yeye mwenyewe leo! Eti kuuliza, "Ile kitu yako imekauka?" Nikamweleza kwamba konkriti haikauki, inashika, na inataka maji kama mtoto. Akasema hata samaki ni hivyo, ukimkausha vibaya anavunjika. Kisha: "Kuja Busia Jumatano, nakuwekea ngege, samaki mzuri, mkubwa."

Nitakwenda. Sijaalikwa popote tangu nije, ukiacha kuku niliyemkataa.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimepiga hesabu na kuamua: nguzo zitoke Ijumaa. Nitakuwepo mwenyewe na tutaanza na zile za katikati, kisha kuja kandoni. Nimemwambia Ofumbi kwa Kiingereza, mara mbili, asije akakosea: *Friday*. Akatazama mto. "Yes, Engineer. I tell them." Kesho ana msiba Tororo, shangazi yake, na maziko ni Jumatano. Hakuna neno, Ijumaa atakuwa amerudi.

Jumatano, 30 Aprili

Naandika nikiwa bado na matope, kwa hiyo mwandiko huu nisiulaumu siku nyingine.

Asubuhi nilikwenda Busia kwa ajili ya ngege wangu. Nilivaa hata shela mpya. Sokoni nikaulizia meza ya Taaka, nikaonyeshwa: tupu, imefunikwa gunia. Nikapiga simu.

"Taaka, niko mbele ya meza yako. Uko wapi?"

"Mimi? Niko Masinya, napalilia. Kwani leo ni siku gani?"

"Si ulisema Jumatano?"

"Eh, Jumatano."

"Leo ndiyo Jumatano."

"Aa-a, mama! Leo ni ya tatu. Jana ya pili, leo ya tatu. Jumatano ni ya tano. Friday!"

Nikaangua kicheko pale pale katikati ya mafungu ya dagaa, omena wa watu. Kosa hili nalijua tangu utoto. Kwa Wasamia, kwa Wajopadhola, kwa karibu majirani wote wa huku, wiki inaanza Jumatatu: siku ya pili ni Jumanne, ya tatu ni Jumatano, ya tano ni Ijumaa. Kiswahili peke yake ndicho kinachoanza kuhesabu na Jumamosi, kwa hiyo mtu anayekiokota sokoni anasikia "tano" na kichwa chake kinakwenda moja kwa moja Ijumaa. Mama yangu alimchokoza muuza maziwa wetu kwa hilo miaka na miaka.

Nilikuwa bado nacheka nilipomkumbuka Ofumbi. Kicheko kikakatika.

Nikampigia. Nyuma yake watu wanaimba nyimbo za maziko.

"Ofumbi, uliwaambiaje mafundi? Siku gani?"

"Naambia vile unasema, Injinia. Watu yote."

"Kwa lugha gani?"

"Kiswahili. Ile ya Kenya hawajui yetu. Nasema, nguzo inatoka Jumatano."

"Geoffrey ulimwambia Jumatano?"

"Eh. Jumatano. *Friday*."

Ya Rabi. Kwa Geoffrey na vijana wake, Jumatano ni Jumatano. Ni leo. Nikampigia Geoffrey: inaita, haipokelewi. Tena: haipokelewi. Nikachukua boda na kumwambia kijana aendeshe kama anaiba. Matope yalinifika mpaka machoni, na njia nzima nilikuwa napanga matusi.

Nilipofika ukingo ulikuwa umejaa watu. Mto ulikuwa umepanda, rangi ya chai ya maziwa, unavuta majani na matawi. Na vijana wa Geoffrey walikuwa ndani yake mpaka mapajani. Safu za nguzo za kandoni, upande huu na ule, zote zimetoka. Za katikati zimebaki. Walianza kinyume! Wala siwezi kusema ni ujinga: kandoni kuna kina kifupi, katikati kunatisha, mtu yeyote angeanza na rahisi. Yule wa kuwaambia waanze katikati alikuwa Busia anatafuta ngege.

"Madam!" Geoffrey akapiga kelele, miwani haipo. "Tuliambiwa Jumatano, tukangoja, hamkuja, maji inapanda! Kumetoa mlio huko juu. Kuna ufa! Tunarudisha hizi za kando, sindio?"

"Rudisha! Rudisha!" Ukingo mzima ukaitikia. Watu walikuwa wameshika nguzo mabegani tayari. Nikamwona Abbo, amesimama peke yake karibu na pahali pake, mikono kifuani. Yeye hakusema rudisha.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Matusi yote ya njiani yalikuwa mlangoni, yamejipanga. Nikawatazama wale vijana majini chini ya slabu na nikajua nikipiga kelele watafanya haraka chochote nitakachosema, hata cha kipumbavu.

"Tokeni majini," nikasema kwa sauti ya kawaida. "Wote. Nguzo ziacheni."

"Lakini Madam..."

"Tokeni kwanza, Geoffrey. Daraja tutajenga jingine."

Wakatoka. Nikapanda juu ya slabu. Uzito wangu kwake ni nzi. Katikati kabisa nikaukuta ufa: juu, si chini, unakata toka upande hadi upande, ukucha wangu unaingia. Ufa wa juu. Slabu hii imetengenezwa ikae kwenye kuta mbili na ilegee kidogo katikati, kwa hiyo chuma chake kiko chini. Sasa nguzo za kandoni hazipo, pande zimelegea, na katikati inasukumwa juu na nguzo zilizobaki, mahali pasipo na chuma cha maana. Kama mkeka uliotupwa juu ya kamba.

Nikashuka, nikageuza karai, nikaketi juu yake na daftari hili hili. Nikaanza kuandika namba. Hazikukaa. Saba ilinijia kama moja, nilizidisha kitu ambacho kilitakiwa kugawanywa. Watu wananitazama. Maji yanapiga nguzo za katikati, na kila tawi linaloshika pale linaongeza msukumo. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, na ukingo una watu zaidi ya soko.

Nikampigia Twaibu.

"Mama! Umepata Friday yako?" Ni Taaka, na jembe linasikika.

"Taaka, usiulize kitu. Nakusomea maneno, huna haja ya kuelewa. Nyamaza tu, nikikuuliza kama uko, unijibu."

Jembe likanyamaza. "Sawa."

Nikasoma. Urefu wa daraja. Unene. Uzito wa slabu peke yake, bila watu. Polepole, kama kumsomea mtoto. "Uko?"

"Niko."

Chuma cha chini, ngapi na unene gani. Nguvu ya vipande vilivyovunjwa maabara, na nguvu ambayo konkriti imeongeza tangu hapo. Nikapata kosa langu la kugawanya, nikalirekebisha. "Uko?"

"Niko, mama."

"Kwa hiyo nguzo za kandoni zirudishwe halafu..." na nikasikia. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikishika mbio, ikipita juu ya maneno hayo kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Hakuna aliyeniambia rudi. Taaka alikuwa kimya, yule mwingine yuko ardhini. Nikarudi mwenyewe.

Kwa nini zirudishwe? Kwa sababu watu wote wanasema. Hakuna namba hata moja mbele yangu iliyosema hivyo. Kuzirudisha ni kuwapeleka vijana kwenye mto unaojaa, wakigonga ndani ya maji ya matope bila kuona, na ufa hauponi kwa sababu panapouma si kandoni, ni katikati. Na hizo za katikati mto utazichukua kwa vyovyote, leo au kesho, kwa mkupuo mmoja. Lakini namba zilizokuwa mbele yangu, nilizosoma bila kukimbia, zilisema kitu kingine: slabu hii tayari inaweza kujibeba. Inachotaka ni kushushwa pole.

Nikasoma yote tena toka juu. Sikuharakisha popote.

"Taaka, uko?"

"Niko. Umemaliza?"

"Nimemaliza. Asante kwa kulima."

"Eh, asante kwa kazi."

Nikasimama. "Geoffrey, kamba. Mimi na wewe tu. Tunalegeza kabari za katikati, mpigo mmoja huku, mmoja kule, ukinisikia nimesema basi unaacha."

"Tunatoa za katikati?" Macho yamemtoka. "Si itaanguka?"

"Ikianguka nitakuwa chini yake pamoja nawe. Unakuja?"

Akavuta pumzi. "Nakuja, Madam." Wala hakusema chap chap.

Tukafungwa kamba viunoni. Maji yalikuwa baridi na yana mikono. Sijui tulikaa humo kwa muda gani. Mpigo mmoja kwake, mmoja kwangu, tunatulia, tunasikiliza. Mbao zilikuwa zinalia juu ya vichwa vyetu. Wakati fulani niliteleza, kamba ikanikaza na kunivuta juu, nikageuka kuona nani ameishika. Ofumbi. Koti jeusi la maziko, tai, viatu vya ngozi ndani ya matope, kamba yangu ameizungusha mgongoni. Hakutazama mto hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi.

Kisha kabari zikawa zinacheza mkononi, hazina mzigo tena. Slabu ilikuwa imekaa kwenye kuta zake, imetulia, imelegea kidogo kabisa kama ilivyotakiwa. Tukatoka majini. Nikapanda juu, nikapitisha ukucha pale kwenye ufa. Haukuingia. Ulikuwa umejifunga.

Jioni mto ulichukua nguzo zote za katikati kwa mkupuo mmoja, zikaenda zikigongana. Daraja halikutikisika. Watu walipiga vigelegele. Nilitaka kufurahi nao, nikajikuta nimeketi kwenye karai langu, simu mkononi, sina wa kumpigia ambaye angejua nilichofanya.

Alhamisi, 1 Mei

Ofumbi alikuja mpaka hapa Tororo, amebeba kuku. "Injinia, nifukuze. Mimi nakosea."

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia watu *Friday*, kama nilivyomwambia yeye. Akafikiri. "Wewe unanipa kwa Kizungu. Watu wangu hawana Kizungu. Mimi nabeba mpaka kwao na kile kidogo niko nacho."

Nilimpa siku kwa Kiingereza kwa sababu nilikidharau Kiswahili chake, na ni kwa Kiswahili hicho hicho alitakiwa kunifanyia kazi. Kuku nimempa Mama Syprose. Leo tumekula sote mezani, Ofumbi pia. Ameeleza kisa chote kwa "mbao yote" na "msumari nakwenda", na nimecheka mpaka machozi. Nimemwambia Mama Syprose sina bwana. Akasema, "Nilijua. Mtu mwenye bwana Nairobi analalamika."

Ijumaa, 2 Mei

Jumatano ya Taaka. Nimekwenda. Ni mwanamke mfupi, mnene, ana kicheko kikubwa kumzidi. Ngege alikuwa kweli mkubwa. Akaniwekea kigoda, nikamweleza namba hii ilikuwa ya nani.

Akaacha kupangua samaki. "Huyo Twaibu. Kuna mama mwingine anamtafuta. Sauti ya mzee. Kila Friday, mchana, nyinyi mkitoka kusali. Anasema 'Twaibu?' Mimi nasema hapana, mama, ni Taaka. Anasema haya, halafu anakaa tu kwa simu. Mimi siikati."

Ni Mama Zubaida, mama yake. Anakaa hapahapa Tororo, nyuma ya msikiti, kwa miguu toka chumbani kwangu. Mwezi mzima niko hapa na sijakwenda kumpa pole. Nilikuwa najiambia sijui niseme nini.

Ijumaa, 9 Mei

Nilifika mpaka langoni kwake, nikarudi. Mvua, nikajiambia. Haikuwa mvua.

Jumatano, 14 Mei

Jumatano ya kweli, mafundi wameniuliza mara kumi, "Injinia, hii Jumatano ni ya wapi?" Limekuwa neno la utani sasa. Tumeruhusu watu wavuke. Abbo alivuka, akarudi, akavuka tena. Hakuwa amebeba kitu.

Ijumaa, 16 Mei

Leo nimebisha. Mama Zubaida amezeeka, lakini barazani kwake bado kuna watoto wa mkeka wanaomsomea juzuu kwa sauti, na yeye yupo katikati yao, macho amefumba, tasbihi mkononi. Akawaruhusu waende. Sikuwa na salamu ya maana ya kumpa. Nikamwambia, "Mama, mimi ni Madinah, niliyekuwa nasomeana hesabu na Twaibu."

"Nakujua kwa sauti," akasema. "Alikuwa akiniwekea simu nami nisikilize. Haya, soma."

"Nisome nini, Mama?"

"Ulichokuja nacho."

Nilikuwa na daftari hili kwenye mkoba. Nikafungua pale pa siku ile ya mto, nikasoma kwa sauti: Busia, boda, ufa, karai. Hakuuliza slabu ni nini. Nikajikuta nimesema, bila kukusudia, "Uko?"

"Niko."

Nikaendelea. Saba iliyonijia kama moja. Watu ukingoni. Nikampigia Twaibu, akapokea Taaka, nikamwomba anyamaze, nikaanza na urefu wa daraja, na unene, na uzito...

"Hapo umekimbia," akasema Mama, macho bado amefumba, kwa sauti ile ile anayowaambia watoto wa mkeka. "Rudi."

Kumbe. Na yule mwongo alidai ameibuni mwenyewe.

Nikarudi pale pa "Nikampigia Twaibu." Nikasoma polepole. Hatukufika mwisho wa ukurasa.